Mpanda Baiskeli na Tufani



Sisi watu wa pwani tukilisikia neno tufani, fikra zetu hukimbilia baharini. Tunaona tanga lililopasuka, mtumbwi uliopinduka, na mama aliyesimama ufukoni akitazama upeo wa macho. Wachache kati yetu hukumbuka kuwa iko na tufani ya bara, nayo humkuta mtu hana ubao wa chombo chini yake wala baharia mwenzake, ila magurudumu mawili na pumzi zake. Makala haya yanamzungumza mtu huyo: msafiri apandaye baiskeli peke yake, mwendo wa siku nyingi, kisha mvua ya radi ikamfika katikati ya njia. Suali letu ni moja. Akikaza roho akaendelea, je, huyo ni shujaa wa kusifiwa, au ni mjuba aliyeidhulumu nafsi yake na nafsi za wengine?

Suali hili si la mchezo. Siku hizi vijana wengi hufunga safari za namna hii. Wako wanaokwenda ili wachangishe fedha za hospitali au za skuli, wako wanaotaka kuiona nchi yao, na wako wanaotaka kujipima tu. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na msafara wa baiskeli uitwao Tour d'Afrique, utokao Cairo mpaka Cape Town, na kwa miaka mingi umepita Arusha, Babati na Kondoa. Hao hwenda kwa makundi na magari ya msaada. Lakini kila anayekwenda kwa kundi humwamsha mwingine anayetaka kwenda peke yake. Na wahenga wetu wametuonya: usisafirie nyota ya mwenzio.

Mahali penyewe

Ili tusizungumze hewani, natuchukue mahali maalumu. Iko kata iitwayo Gitting katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, nchini Tanzania, mitelemkoni mwa Mlima Hanang. Mlima huo ni wa asili ya volkano, na kilele chake kimefika kiasi cha mita 3,420 juu ya usawa wa bahari. Chini yake kuna ziwa la chumvi la Balangida. Upande wa Basotu kuna tambarare pana, ambako mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa kwa msaada wa Kanada. Wenyeji wengi ni Wairaqw na Wabarabaig. Lugha zao hazina udugu na Kiswahili wala zenyewe kwa zenyewe, lakini Kiswahili kimekuwa daraja baina yao na kila mgeni apitaye.

Kutoka Singida, njia kuu hupita Katesh, mji mkuu wa wilaya ya Hanang, ikaendelea mpaka Dareda, Babati na Minjingu. Ni masafa yapitayo kilomita 200. Zamani njia hii ilikuwa ya udongo. Leo ina lami. Lakini lami haifiki kila mahali. Mwenye kuiacha akashika njia za vijijini hukutana na udongo uliolowana. Udongo mweusi wa mbugani ukipata maji hunata kama ulimbo. Huingia baina ya tairi na madigadi, ukajazana mpaka gurudumu lisizunguke. Hapo baiskeli iliyokuwa ikimbeba mtu huwa yeye ndiye anayeibeba.

Mvua za nchi hiyo huanza mwishoni mwa mwaka, zikaendelea mpaka karibu na Mei. Nchi ni ya juu. Kwa kadiri ya wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Basi kijana aliyezoea joto la Tanga au Mombasa, akawa hana ila fulana na suruali nyepesi, akalowa kule juu na upepo ukampiga, hukutana na baridi ambayo mwili wake haukupata kuijua. Juu ya hayo yote iko radi. Katika tambarare isiyo na miti, aliye juu ya baiskeli huwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Wengi hudhani kuwa mipira ya baiskeli humkinga mtu na radi. Si kweli. Umeme uliokwisha kupasua kilomita kadhaa za hewa hauzuiliki kwa unene wa mpira wa vidole viwili. Anayekaa ndani ya gari husalimika kwa sababu ya bati lililomzunguka pande zote, ambalo huupitisha umeme nje yake mpaka ardhini, wala si kwa sababu ya matairi. Mpanda baiskeli hana bati lolote la kumzunguka.

Mtu asidhani kuwa tunatia chumvi tunapoutaja mlima huu. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imenyonya maji mengi ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakateremka kwa kasi juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengine wengi wakapoteza nyumba, mifugo na maduka. Majirani walifukua tope kwa majembe na mikono yao, kisha askari wa jeshi wakaja kusaidia. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa na awape subira waliobaki.

Hoja ya wanaosifu

Natuwasikilize kwanza wale wanaomsifu mpanda baiskeli asiyesimama. Wanasema hivi: mtu hafundishwi na godoro, hufundishwa na taabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lau kila msafiri angaligeuka kwa kuona wingu, pasingalikuwa na biashara baina yetu na Bara Hindi, wala elimu isingalifika kwetu kutoka Hadharamaut na Oman, kwani wote waliotuletea kheri hizo walipambana na mawimbi.

Nao wana mifano ya watu waliotajika. Mwaka 1884 mtu mmoja aitwaye Thomas Stevens alitoka San Francisco, Marekani, akiwa juu ya baiskeli ya kizamani yenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma. Mwezi wa Desemba mwaka 1886 aliifikia Yokohama, Japani, akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Mtu huyo huyo alifika Unguja mwaka 1889, alipotumwa na gazeti kutafuta khabari za Stanley. Mwingine ni Kazimierz Nowak wa Poland. Mwaka 1931 aliingia Afrika kwa upande wa Libya, akashuka peke yake mpaka ncha ya kusini ya bara hili, kisha akapanda tena mpaka Algeria, ambako alifika mwaka 1936. Mwendo wote ulikuwa kiasi cha kilomita 40,000, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala hatutaki kuikanusha yote. Mtu anayeepuka kila tabu hawi mtu mzima hata nywele zikawa nyeupe. Lakini natuitazame mifano hiyo kwa makini. Stevens alipofika Afghanistan alizuiwa, akarudishwa Uajemi. Hakujitia katika mapambano na wenye nchi ili ajigambe kuwa hakugeuka. Alirudi nyuma masafa makubwa mpaka Istanbul, akapanda meli, akaizungukia nchi aliyozuiwa, akaendelea na baiskeli yake kutoka Lahore. Basi huyu tunayemwita mshindi wa kwanza ni mtu aliyekubali kurudi nyuma, na lau hakukubali, jina lake lisingalijulikana.

Ama Nowak, yeye alikuwa na mke na watoto wawili nyumbani, naye alikuwa akiandika makala na kupiga picha ili wapate riziki. Alirejea kwao mwili umekwisha kudhoofika kwa malaria, na mwaka uliofuata, yaani 1937, akafa. Hatumhukumu. Zama zake zilikuwa ngumu na kazi ilikuwa adimu. Lakini anayemsifu kwa kilomita 40,000 na asiwataje wale watatu waliokuwa wakingoja barua, huyo ameisoma nusu ya khabari.

Ajali haina kinga?

Wako wengine ambao hawasifu wala hawalaumu. Wao husema tu: ajali haina kinga. Ikiwa siku yako imefika utakufa kitandani, na ikiwa haijafika radi itakupita. Huwaashiria wale wa Katesh na kusema: Tazama, hao hawakuwa safarini, walikuwa majumbani mwao, na mauti yakawafuata huko huko. Basi msafiri aogope nini?

Maneno haya hufanana na imani, lakini si imani. Watu wa Hanang walilala chini ya mapaa yao bila ya kuona lililokuwa likiwajia gizani. Msiba wao ni msiba, nao hawana la kulaumiwa. Ama mtu aliyesimama ukingoni mwa korongo mchana kweupe, akayaona maji yanakwenda mbio na rangi ya tope, akasikia mawe yanagongana chini yake, kisha akaitia baiskeli yake humo, huyo amefanya kitendo chake mwenyewe. Kuwachanganya wawili hawa ni kuwadhulumu waliokufa bila ya hiari, na ni kumpa udhuru asiostahili aliyekwenda kwa hiari. Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na wanaojua mambo ya mafuriko hutuambia kuwa maji yaendayo kasi, yakiwa na kina cha shubiri moja tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Katika jambo hili dini yetu haikutuacha gizani. Amepokea Tirmidhi khabari ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaambiwa afanye yote mawili: amfunge, na amtegemee Mungu. Basi kutegemea hakuondoi kamba, na kamba haiondoi kutegemea.

Tena tunacho kisa cha Seyyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham. Alipofika Sargh alipata khabari kuwa kuna tauni mbele. Akashauriana na wenzake, kisha akaamua kurejea. Abu Ubayda hakuridhika, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu ya Umar ilikuwa na maana hii: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu, na tunakokimbilia ni kwenye kadari ya Mungu vile vile. Akapiga mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Akilisha upande huu ni kwa kadari, na akilisha upande ule ni kwa kadari. Basi tumwambie mpanda baiskeli wetu: ukiendelea ni kwa kadari, na ukigeuka ni kwa kadari. Lakini akili uliyopewa ya kuchagua baina ya njia hizi mbili, hiyo ndiyo utakayoulizwa uliitumiaje.

Na imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa katika usiku wa baridi au wa mvua, wakiwa safarini, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha muadhini awatangazie watu wasali penye makao yao. Ikiwa sala ya jamaa, pamoja na ubora wake wote, watu wamepewa ruhusa ya kuikosa kwa sababu ya mvua, basi ni safari gani ya baiskeli iliyo bora kuliko hiyo hata isiweze kuakhirishwa mpaka kesho?

Upweke una khatari yake

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: Sawa, nitatumia akili yangu nikifika. Lakini hapa ndipo penye tatizo, na ndipo safari ya peke yake inapotengana na safari ya wawili.

Mwili wa mwanadamu una joto la nyuzi 37 hivi. Mtu akilowa na upepo ukampiga, joto hilo hupungua. Kwanza hutetemeka. Vidole hufa ganzi, akashindwa kubana breki, nazo breki zenyewe haziaminiki tena, kwani mpira unaobana rimu iliyorowa huteleza. Joto likishuka chini ya nyuzi 35, khatari huingia katika akili pia. Mtu huwa mzito wa fikra, hukosea mambo mepesi, wala hajijui kuwa anakosea. Hujiona yu mzima. Husema: bado kidogo tu, nyuma ya kilima kile kuna mji. Basi ile akili aliyoahidi kuitumia akifika, ndiyo ya kwanza kumkimbia.

Akiwa na mwenzake, mwenzake atamtazama midomo, atasikia maneno yake yamekuwa mazito, atamwambia: Ndugu yangu, tusimame. Akiwa peke yake hana wa kumwambia. Naona hii ni katika hekima za lile onyo alilolipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Umar, kwamba lau watu wangalijua yaliyomo katika upweke, hapana mpandaji ambaye angalikwenda usiku peke yake. Wako wanavyuoni waliolifahamu onyo hilo kuwa ni la adabu na uongozi, si la kuharimisha kila safari ya mtu mmoja. Lakini uongozi nao si wa kutupwa. Na ajabu ni kuwa haukutaja ngamia tu wala farasi tu. Umemtaja mpandaji, na apandaye baiskeli ni mpandaji.

Kisha upweke una ugonjwa mwingine, nao ni wa moyo. Wahenga walisema msafiri kafiri, na maana yake si kuwa ametoka katika dini, bali dhiki za njia humfanya mtu asiwe na huruma, akajali kufika tu. Siku hizi ugonjwa huu umezidi nguvu. Kijana ametangaza safari yake, watu wamechanga, picha zake zinatazamwa katika simu kila jioni. Akisimama siku mbili Gitting kungoja mvua ikatike, atahisi kuwa watu wanamcheka. Kumbe hapana anayemcheka. Ni nafsi yake tu imegeuza macho ya watu kuwa mjeledi, ikamchapa nao. Kwenda mbio si kufika, na aliyechapwa na nafsi yake haoni korongo lililo mbele yake.

Roho moja, haki za wengi

Utasikia mtu akisema: Roho ni yangu, nikifa nimekufa mimi. Maneno haya hayasimami. Roho ni amana, na hakuna amana ambayo mwenye kuihifadhi anaweza kusema ni yake. Hata tukiacha hilo, natuhesabu ni wangapi wanaoshiriki katika roho hiyo moja.

Wa kwanza ni watu wa nyumbani. Mama anayeketi Lamu au Pemba, akisikia katika redio kuwa mvua kubwa inanyesha Manyara, chakula hakimshuki. Mke ana haki, mtoto ana haki, na mwenye deni lake ana haki.

Wa pili ni mwenyeji. Mtu akigonga mlango wa nyumba ya Gitting usiku, ameroa, meno yanagongana, mwenye nyumba hatamuuliza kabila wala dini. Atamkaribisha motoni, atampa nguo kavu na chai ya moto. Ni sifa njema ya watu wa bara, nasi wa pwani tunaijua kwa kuwa ni yetu pia. Lakini ukarimu wa mwenyeji usiwe ndiyo akiba ya mjuba. Mgeni aliyefikwa na dhiki ni mgeni wa Mungu. Ama aliyeitafuta dhiki kwa makusudi, akijua kuwa maskini fulani atatoa blanketi lake moja, huyo amemtoza mwenzake kodi bila ya ruhusa.

Wa tatu ni mwokozi, naye husahauliwa zaidi. Mtu akichukuliwa na maji, hapana kijiji kitakachotazama tu. Vijana wataingia mtoni kumfuata. Na mara nyingi katika mito na bahari, aliyekwenda kuokoa ndiye aliyezama. Basi anayeingia katika korongo lililofurika hakuiweka roho yake peke yake katika mizani. Ameiweka na roho ya mtu asiyemjua, ambaye wakati huo huenda yumo zizini anakamua ng'ombe wake.

Sisi wa pwani tunayajua haya kwa machungu yetu. Tarehe 18 Julai 2012, wakati wa kusi, meli ya Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikapambana na upepo na mawimbi makali, ikazama karibu na Chumbe, na roho nyingi zikapotea. Kaburi na msiba wa siku ile ulikuwa wa visiwa vizima. Na manahodha wetu wa zamani walikuwa na desturi ya musimu: kuna miezi ya kwenda na miezi ya kungoja, na chombo kilichovutwa juu ufukoni katika nguvu za kusi hakikuitwa chombo cha waoga. Nahodha aliyetua tanga mapema ndiye aliyesifiwa, kwani aliwarudisha watoto wa watu. Kwa nini basi tumvue nahodha wa magurudumu mawili kipimo tulichompimia nahodha wa jahazi?

Asiye na hiari

Lakini hapana budi tuwe waadilifu. Hukumu hii haiwafai watu wote kwa kipimo kimoja. Yuko anayepanda baiskeli katika mvua kwa sababu hana njia nyingine. Muuza maziwa ambaye maziwa yake yataharibika asipofika. Baba aliyemweka mgonjwa kwenye keria kumpeleka zahanati. Kibarua ambaye akichelewa siku moja hukatwa ujira. Nchini kwetu baiskeli haikuanza kuwa mchezo. Imekuwa punda wa maskini. Swala zilizoundwa hapa Tanzania, na Phoenix kutoka China, zimebeba mkaa, madebe ya maji, wagonjwa na hata majeneza.

Mtu huyo tusimwite mjuba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Dharura ina hukumu yake, na aliyetoka katika tufani kuokoa roho ya mwanawe ni shujaa hata akigeuzwa na maji nusu ya njia. Ama lawama, ikiwa ipo, huwaendea wengine: tajiri anayekata ujira wa mtu aliyezuiwa na mto, na mkubwa aliyekula fedha za daraja. Vile vile hutuendea sisi majirani ambao tulikuwa na gari lililosimama uani, tukaona uvivu kuliwasha.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Tusitazame ukubwa wa khatari peke yake. Tutazame khatari hiyo imebebwa kwa ajili ya nini, na nani atakayelipa. Ushujaa ni kuibeba khatari kwa ajili ya haki iliyo kubwa kuliko hiyo khatari, kwa kadiri inayohitajiwa, baada ya kufunga kila kamba uwezayo kuifunga. Ujuba ni kuibeba kwa ajili ya sifa, au kwa ajili ya kuwahi tu, na kuwaachia wengine bili. Watu wawili wanaweza kuwa katika mvua ile ile, juu ya baiskeli za aina moja, katika korongo moja, mmoja akawa shujaa na wa pili mjuba. Macho hayawezi kuwatenga. Nia na matayarisho ndiyo yanayowatenga.

Basi afanye nini?

Hatusemi kuwa vijana wasisafiri. Nchi ya Mungu ni pana, na mwenye kuiona kwa mwendo wa baiskeli huiona vizuri kuliko aliye ndani ya basi. Tunasema ajifunge kwa mambo machache.

Kwanza, aamue asubuhi, angali mkavu na ameshiba, ni wapi na lini atasimama. Aseme: nikisikia radi naacha njia, nikikuta maji yanakwenda juu ya barabara sivuki, saa kumi na moja jioni natafuta nyumba. Uamuzi huo auandike, wala asiubadilishe akiwa amelowa, kwani tumeona kuwa aliyelowa na baridi si kadhi wa kuaminiwa.

Pili, amjulishe mtu mmoja kila asubuhi anakokwenda na kila jioni alikofika. Siku hizi simu imelifanya jambo hili jepesi. Haimwondolei upweke, lakini humpunguzia.

Tatu, aijue radi. Akiona umeme ahesabu nukta mpaka asikie ngurumo. Kila nukta tatu ni kiasi cha kilomita moja. Hesabu ikiwa haifiki thelathini, radi iko karibu ya kumfikia, naye aingie ndani ya nyumba au gari. Akikosa vyote, asijifiche chini ya mti ulio peke yake. Aiweke baiskeli mbali naye, ateremke mahali pa chini pasipopita maji, achutame miguu pamoja.

Nne, abebe nguo kavu ndani ya mfuko usiopenya maji, na asiitumie mpaka amepata paa juu ya kichwa chake. Hiyo ndiyo kamba ya ngamia wake.

Tano, awaulize wenyeji. Mzee wa Gitting aliyeutazama Mlima Hanang maisha yake yote, akimwambia kuwa wingu lile si la kuchezewa, asimjibu kwa ramani. Amwamkie kwa heshima, akae, angoje.

Na siku atakapoamua kugeuka, sisi tuliobaki nyumbani tuna wajibu wetu. Tumpokee kama tulivyompokea nahodha aliyerudisha chombo kizima. Tusimuulize kwa kejeli imekuwaje hakufika. Vijana wengi hawauliwi na mvua. Huuliwa na hofu ya suali hilo, ambalo sisi wazee wao na marafiki zao tumelitia katika nyoyo zao. Jamii inayomsifu tu aliyevuka, na kumcheka aliyesimama, hiyo inashiriki katika kila mauti ya korongoni, hata ikiwa iko mbali na mlima, imekaa barazani inakunywa kahawa.

Wabillahi taufiq.